Kole inayoganda kwa mwangaza: mafundi wa telefone wanaokoa karte nyingi, lakini macho na ngozi viko hatarini

Kwenye meza ya fundi wa telefone, iwe Birere mjini Goma ao Kadutu mjini Bukavu, siku hizi kuna kifaa ambacho zamani kilionekana zaidi mikononi mwa kambiste: torshi ndogo yenye mwangaza wa zambarau. Kambiste anaipitisha juu ya noti ya dola 100 ili aone uzi wa ndani ukiwaka rangi ya waridi. Fundi, yeye, anaielekeza juu ya tone la kole lililo dogo kuliko punje ya mtama, anahesabu sekunde kumi na tano, na kile kilichokuwa maji kinakuwa kigumu kama plastiki.

Mafundi wanaiita kole ya UV. Inafika katika sindano nyeusi ao chupa ndogo zisizopitisha mwangaza, pamoja na ekra, batri na vitundu vya shariji ambavyo wafanyabiashara wanaagiza kutoka China. Karatasi ya maelezo, kama iko, imeandikwa Kichina ao Kiingereza kwa herufi ndogo. Kwa hiyo fundi anajifunza kwa kumtazama mwenzake wa kibanda cha pembeni, ao kwa kuangalia video. Kuweka kole ni jambo rahisi, na ndiyo maana wengi wanajifunza namna ya kuiweka tu. Mambo ya kuepuka hayaonekani katika video.

Na kazi yenyewe si mchezo. Mashariki mwa Congo, telefone ndiyo pochi ya pesa ya M-Pesa, Airtel Money ao Orange Money. Ndiyo njia ya kujua kama ndugu waliokimbia vita wamefika salama. Na kwa familia nyingi iko moja tu kwa nyumba nzima. Telefone iliyotengenezwa vibaya ikizima tena baada ya wiki mbili, hasara haimwangukii fundi peke yake.

Tangu enzi ya lami

Wazo la kitu kinachoganda kwa mwangaza si geni. Mfaransa Nicéphore Niépce, mwaka 1826 ao 1827, alipaka lami ya aina fulani juu ya bamba la madini, akaiacha mbele ya dirisha ndani ya sanduku lenye lensi. Pale mwangaza ulipogusa, lami iliganda. Pale palipobaki kivuli, aliiosha kwa mafuta. Picha iliyobaki inahesabiwa kuwa kati ya fotografia za kwanza kabisa duniani. Alingoja saa nyingi, pengine siku nzima na zaidi. Fundi wa leo anakasirika akingoja dakika moja.

Wakaaji wa miji yetu tayari wanaijua kazi hii bila kujua jina lake. Daktari wa meno anapoziba tundu na kuingiza kinywani taa ndogo ya bluu, anagandisha kitu cha jamii hiyohiyo. Dada anayepaka kucha za jeli katika saluni, na kumwambia mteja aingize vidole ndani ya kisanduku chenye taa, naye anafanya vilevile. Kwa kweli mafundi kadhaa hutumia taa ya saluni, na haifanyi vibaya.

Ndani ya kole hiyo kuna vitu viwili vya muhimu. Cha kwanza ni akrilati, maji mazito yenye vipande vidogo sana ambavyo viko tayari kushikana lakini vinangoja kuanzishwa. Cha pili ni kichocheo kinachofyonza mwangaza. Mwangaza unaofaa ukikigusa, kichocheo kinavunjika, na vipande vyake vinaanza kufunga akrilati moja kwa nyingine mpaka inakuwa mnyororo, na minyororo inashonana kama wavu. Hakuna maji yanayotoka kwenda hewani. Ndiyo maana kusema kole hii "inakauka" si sahihi sana, ingawa kila mtu sokoni anaelewa. Uiache kwenye giza mwezi mzima, haitakauka. Itabaki maji.

Mwangaza unaofaa ni ule wa urujuanimno ulio karibu na ule ambao jicho linaona, pamoja na zambarau yenyewe: kati ya nanometa 365 na 405 kwa kole nyingi za sokoni. Torshi za kuangalia pesa mara nyingi ni za nanometa 395. Zinafanya kazi, ila polepole, kwa sababu nguvu yao ni ndogo. Watu wanadanganywa na rangi hapa. Torshi ya nanometa 395 inang'aa zambarau sana, na ile ya 365 inaonekana hafifu, kama haina nguvu. Lakini jicho linaona sehemu ndogo tu ya kile kinachotoka humo, na kile kisichoonekana ndicho kinachogandisha, na ndicho kinachodhuru.

Uzi mwembamba kama unywele

Kazi ambayo kole hii inafanya vizuri kuliko zote ni kulinda uzi juu ya karte.

Chukua kasoro inayojulikana katika kila kibanda. Mtoto amevuta waya ya shariji, kitundu kimeng'oka, na kimeondoka na kipande cha shaba kilichokuwa kimebandikwa juu ya karte mère. Kitundu kipya hakina mahali pa kushika. Fundi anakwaruza rangi ya kijani polepole chini ya lupe mpaka anaona njia ya shaba iliyobaki, analehemu uzi mwembamba kama unywele kutoka hapo hadi kwenye mguu wa kitundu, na umeme unapita tena. Uzi huo una ngozi ya vernis, kwa hiyo unaweza kupita juu ya njia zingine bila kuzigusa.

Zamani kazi iliishia hapo. Uzi ulibaki hewani, umeshikwa na nukta mbili za lehemu. Mwenye telefone anachomeka shariji mara tatu kwa siku, kila mara anasukuma kitundu kidogo. Anapanda moto, barabara ya mawe ya volkeno inatikisa kila kitu. Siku moja nukta moja inaachia. Telefone inarudi, mteja analalamika, na fundi analehemu tena bila malipo juu ya karte ambayo imechoka zaidi kuliko mara ya kwanza.

Tone la kole ya UV linabadilisha hesabu hiyo. Uzi unalazwa juu ya karte, unafunikwa na tabaka jembamba, unamulikwa, na tangu hapo mtikisiko unabebwa na kole, si na lehemu. Viwanda vinavyotengeneza karte vinafanya kitu kinachofanana: ile rangi ya kijani ambayo kila mtu anaijua juu ya karte ni ngozi ya kulinda shaba, na aina nyingi zake pia zinagandishwa kwa mwangaza. Ndiyo maana kuna kole ya UV ya kijani, nzito, inayouzwa katika sindano kwa ajili ya kufunika mahali palipokwaruzwa.

Lakini tabaka hilo linafunika pia makosa. Kabla ya tone la kwanza, fundi makini anafanya mambo matatu. Anaosha karte kwa alkoli ya isopropili, kwa sababu mafuta ya kulehemia yakibaki, kole itashika mafuta na si karte, na baada ya muda itabanduka kama ganda. Anapima kwa multimeta. Anawasha telefone na kuishariji. Ni ajabu ni mara ngapi hatua hiyo ya mwisho inarukwa, eti kwa sababu mteja anangoja amesimama. Kole ikishaganda juu ya lehemu mbaya, kila kitu kinaonekana kizuri, na kasoro imefungiwa ndani.

Kole ya kijani ina tabia nyingine ambayo inawashangaza wanaoanza. Rangi yake inafyonza mwangaza, kwa hiyo juu inaganda upesi na kuwa ngozi, na chini inabaki maji. Fundi anagusa, anaona ni ngumu, anafunga telefone. Baada ya siku chache joto la karte linaifanya ile sehemu ya chini isogee. Dawa ni tabaka mbili ao tatu nyembamba, kila moja ikimulikwa peke yake, badala ya moja nene. Kwa anayejifunza, kole isiyo na rangi ni afadhali: mwangaza unapita hadi chini, na fundi mwengine akifungua telefone hiyo mwaka ujao ataona uzi ulipita wapi. Ya kijani inapendeza macho ya mteja, lakini inamficha fundi wa kesho njia.

Kuna sehemu ambazo hazitaki kole kabisa. Vitundu vya ekra na vya batri, vyenye meno madogo ya rangi ya dhahabu, vinaivuta kama utambi unavyovuta mafuta. Ikiganda kati ya meno, umeme haupiti tena na kitundu hakifai. Mikrofone na spika vivyo hivyo. Chipu zinazopata joto sana zinataka kupumua. Na batri haifungwi kwa kole hii hata kidogo, kwa sababu batri ya litiamu inavimba na kupungua, na siku ya kuitoa mtu atalazimika kuichokoa kwa chuma.

Ikumbukwe pia kitu kinacholindwa ni nini. Ndani ya karte hiyo kuna kapasita za tantali, madini yanayotoka katika coltan. Mwaka wa 2024 Umoja wa Mataifa ulisema eneo la Rubaya, huko Masisi, linatoa zaidi ya asilimia 15 ya tantali ya dunia. Madini yanaondoka Kivu kwa magunia, yanarudi yakiwa telefone, na telefone ikiharibika inatupwa Kivu. Karte iliyotengenezwa na kudumu miaka miwili zaidi ina maana kubwa hapa kuliko mahali pengine.

Si mafundi wa telefone peke yao wanaofaidika. Kijana anayetengeneza radio nyumbani, anayefufua taa ya sola ao kuunda ampli ndogo kwa vipande vya zamani, anaweza kushika waya za spika na nyaya za taa kwa tone moja. Aangalie tu aina. Kole ngumu ikiwekwa kwenye shingo ya waya inayokunjwakunjwa, kama ya ekuta, itahamisha tatizo sentimeta moja mbele: waya itakatika pale kole inapoishia. Hapo inahitajika ile laini inayobaki kama mpira.

Kwa nini si super glue?

Kila mtu anauliza. Super glue inapatikana kila duka, na imekuwapo muda mrefu: Mmarekani Harry Coover aliigundua mwaka 1942, ikaanza kuuzwa mwaka 1958. Shida yake ni mvuke. Inapoganda inatoa hewa ambayo inashuka pembeni kama unga mweupe, juu ya lensi ya kamera, juu ya ekra, juu ya meno ya vitundu. Tena ni ngumu na inavunjika kama kioo telefone ikianguka. Kole ya moto, ile ya vijiti, inalainika karte ikipata joto. Kole mbili za kuchanganya, epoksi, zina nguvu sana, hata kupita kiasi: fundi wa pili akitaka kutengeneza tena, atang'oa kole pamoja na shaba. Silikoni inayonuka siki ndiyo mbaya kuliko zote kwa elektroniki, kwa sababu asidi yake inakula shaba.

Kole ya UV ikiganda bado inaweza kuondolewa. Inapashwa joto kwa hewa ya moto, inalainika, na inakwaruzwa kwa kijiti. Faida hiyo ni kubwa katika nchi ambapo telefone moja inapita mikononi mwa mafundi wanne.

Faida nyingine ni wakati. Kole haishiki mpaka fundi aamue. Anaweza kusogeza uzi dakika kumi nzima chini ya lupe, akakosea, akafuta, akarudia, na hakuna kinachoganda mpaka taa iwake. Na umeme ukikatika, jambo la kawaida, torshi ya batri inatosha.

Jua la Kivu linasaidia na linaharibu

Goma na Bukavu ziko karibu mita 1500 juu ya bahari, Butembo inapita hapo, na zote ziko karibu na ikweta. Shirika la Afya Duniani linasema kila mita 1000 za kupanda zinaongeza mionzi ya UV kwa takriban asilimia 10. Kwa maneno mengine, mchana wa saa sita kuna taa ya bure juu ya kila kibanda, na mawingu mepesi hayaizimi. Ekra iliyobandikwa inaweza kutolewa nje, ikaachwa juani, na kole ikaganda yenyewe.

Jua hilohilo linagandisha kole ndani ya sindano. Fundi anayefanya kazi chini ya parasoli barabarani anafungua kifuniko, anaweka tone, anaiacha sindano mezani akiongea na mteja, na baada ya nusu saa ncha imeziba. Kivuli cha parasoli hakitoshi, kwa sababu mionzi inarudi kutoka kwenye ukuta, kwenye mabati na angani. Kioo cha dirisha nacho kinapitisha sehemu kubwa ya mionzi inayogandisha. Sindano inatakiwa ikae ndani ya kitu cheusi ao kopo lenye kifuniko, mahali pasipo na joto, na isitumike bila kikomo: nyingi zinadumu karibu mwaka mmoja tangu kutengenezwa. Kole iliyobaki kwenye kijiti isirudishwe ndani ya chupa, kwani imeshaonja mwangaza.

Kwa kuwa torshi hazifanani na kole hazifanani, kipimo cha kuaminika fundi anajitengenezea mwenyewe. Anaweka matone machache ya unene tofauti juu ya plastiki safi inayopitisha mwangaza, anamulika moja sekunde kumi, lingine ishirini, lingine sitini, kisha anayageuza na kuyachokoa upande wa chini kwa pini. Tone ambalo chini yake bado linateleza halijaganda, hata kama juu ni gumu. Torshi iwekwe umbali uleule kila mara. Ikisogezwa mara mbili mbali zaidi, mwangaza unaofika unaweza kushuka hadi robo, na zile sekunde kumi na tano za jana hazina maana tena.

Baada ya kuganda, uso wa kole mara nyingi unabaki unanata kidogo. Wengi wanadhani wameuziwa bandia. Sababu ni oksijeni ya hewani, inayozuia tabaka la juu kabisa kushikana. Linafutwa kwa kitambaa chenye alkoli, ao kole inafunikwa kwa plastiki nyembamba isiyo na rangi wakati wa kumulika.

Pale ambapo mwangaza haufiki

Kosa kubwa linatokea kwenye ekra. Kioo cha juu kikipasuka na picha bado ni nzima, fundi mwenye ujuzi anaweza kutenganisha kioo peke yake na kubandika kingine kwa kole ya UV ya maji. Anamwaga katikati, analaza kioo polepole ili hewa itoke, anamulika sekunde chache tu ili kishike, anafuta pembeni kwa alkoli, kisha anamulika kwa dakika kadhaa. Ikifanywa vizuri, mteja hajui tofauti.

Lakini kioo kingi kina ukingo mweusi, na chini ya rangi nyeusi mwangaza haufiki. Kole iliyokimbilia huko inabaki maji. Inatembea. Inaingia kati ya tabaka za taa ya nyuma na kuacha doa la manjano linalokua kila wiki, ao inaingia katika kitufe, ao katika spika ya sikio. Telefone ilitoka kibandani ikiwa safi, na kasoro imekuja baadaye. Mteja anadhani ni ekra mbaya.

Hatari hiyo iko pia katika vioo vya kulinda ekra zilizopinda pembeni, vinavyobandikwa kwa kole ya maji na kumulikwa kwa taa ndogo. Mwaka wa 2024 kampuni ya Xiaomi iliwaonya wateja wake wasitumie vioo vya aina hiyo, ikisema kole inaweza kupenya ndani ya telefone na kuharibu vitufe na spika. Kwa fundi anayeviweka hata hivyo, njia ni kuziba matundu yote kwa utepe kabla ya kumwaga, kutumia kole kidogo, na kumulika pembeni pia, taa ikiinamishwa.

Ngozi haisahau

Hapa ndipo uzembe unapokuwa na bei. Kole iliyoganda vizuri haina shida kubwa. Ile ya maji ndiyo yenye hatari. Akrilati inapenya ngozi, na mwili unaweza kuanza kuikataa. Haianzi siku ya kwanza. Fundi anaweza kuigusa miezi mingi bila kuona kitu, kisha siku moja ncha za vidole zinawasha, zinakuwa nyekundu, ngozi inapasuka na kutoka maji. Anadhani ni sabuni, ao alkoli. Anaendelea. Kila akigusa tena, inarudi mbaya zaidi.

Madaktari wa ngozi wanaijua vizuri. Chama cha Marekani cha wataalamu wa aleji za ngozi kilichagua akrilati kuwa aleji ya mwaka 2012, na mwaka 2020 kikachagua moja ya jamii hiyo, isobornili akrilati, ambayo iliwasumbua wagonjwa wa kisukari waliobandika vifaa vya kupima sukari kwenye ngozi. Wanaopaka kucha katika saluni wako katika kundi hilohilo la hatari. Mwili ukishaizoea kwa ubaya, kwa kawaida hali hiyo inabaki maisha yote, na matokeo yake yanatoka nje ya kibanda: baadhi ya vitu vya kuzibia meno, na saruji ambayo madaktari wanatumia kushika kiungo cha bandia mfupani, ni vya jamii hiyo. Fundi wa miaka ishirini na mitano anayefuta kole kwa kidole gumba anaweza kuwa anaamua jambo la uzee wake.

Glavu nyembamba zinasaidia kidogo kuliko inavyodhaniwa. Akrilati inapita katika glavu za mpira, hata zile za nitrili, kwa dakika chache. Zinafaa kama kinga ya ajali: kole ikidondoka juu yake, glavu inavuliwa mara moja na kutupwa, haifutwi na kuendelea nayo. Kinga ya kweli ni kutoigusa kole: kijiti cha kuchokolea meno kwa kupaka, kitambaa kwa kufuta, na ngozi ikiguswa, sabuni na maji. Si alkoli, kwani inaieneza kole na kuiondoa ngozi mafuta yake. Na mkono wenye kole usitolewe juani kabla ya kuoshwa, itaganda hapohapo.

Macho nayo yana hesabu yake. Walehemu wa vyuma wanajua maumivu ya usiku, kama mchanga ndani ya jicho, baada ya kutazama moto wa umeme bila kioo. Torshi ya nanometa 395 haifanyi hivyo kwa ghafla. Hatari yake ni ya polepole, na inatokana na jambo moja: jicho linauona mwangaza huo kuwa hafifu, kwa hiyo mboni haijifungi na mtu haoni sababu ya kutazama pembeni. Fundi anainama sentimeta ishirini juu ya karte inayong'aa, mara thelathini kwa siku. Lensi safi za polikaboneti zinazuia karibu mionzi yote iliyo chini ya nanometa 380, lakini kwa 395 na 405 zinahitajika lunete za rangi ya manjano ao chungwa. Zikikosekana, kipande cha kadibodi kikisimamishwa kati ya uso na meza kinafanya kazi kubwa, na hakigharimu franga hata moja.

Taa moja isikaribie meza kabisa: ile ya kuua vijidudu, iliyoenea wakati wa Covid-19. Nayo inaitwa UV, na wauzaji wanaipanga pamoja na zingine. Mionzi yake ya nanometa 254 inachoma jicho na ngozi kwa muda mfupi, na kole nyingi za sokoni hazikutengenezwa kwa ajili yake.

Yanabaki makaratasi na vitambaa vya kufutia, vilivyojaa kole ya maji, ambavyo jioni vinatupwa pembeni ya barabara mahali ambapo watoto wanacheza. Ni rahisi kuvitandaza juu ya kopo la bati juani mchana kutwa, kuvigeuza mara moja ili mwangaza ufike pande zote mbili, na kuvitupa vikiwa vimeshakuwa vikavu na vigumu.